Miche ya maua ya kununua ukiwa Dodoma: ipi inaustahimili ukame

Ukitaka kujua ni ua gani linaifaa Dodoma, zunguka mitaani mwezi wa Oktoba. Mvua iliishia Aprili au mapema Mei, ardhi imekauka kama tofali, na upepo wa vumbi haupumziki. Ukuta wenye maua siku hizo ndio wa kugongea hodi na kuuliza. Kwenye vitalu kila mche unapendeza, kwa sababu muuzaji anamwagilia asubuhi na jioni.

Mimi naanza na bogenvilia, na sioni wa kuishindania nafasi hiyo. Asili yake ni Amerika Kusini. Ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati. Ikishazoea, kiu kidogo huifanya ichanue zaidi. Ukiizidishia maji na samadi, utapata majani matupu, halafu umlaumu aliyekuuzia. Inataka jua kutwa nzima. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa: chana kiriba, ule mfuko wa mche, taratibu na uupande mche pamoja na udongo wake, usiukung'ute.

Wa pili ni mdagu, wengine huuita waridi la jangwani, ambao ni wa kwetu, unaota wenyewe porini kwenye nyika kavu. Shina lake nene ndilo ghala la maji. Unakua polepole, kwa hiyo mche mkubwa una bei, na ni haki yake. Muulize muuzaji kama umetokana na mbegu, maana wa kukata tawi mara nyingi hautoi lile shina lililovimba. Kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji utaoza. Uinue kwa mchanga na kokoto. Utomvu wake ni sumu kali. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huupaka kwenye mishale ya kuwindia, basi nawa mikono ukishaukata, na usiupande watoto wanapochezea.

Taji la miiba, kutoka Madagaska, ni la tatu: fupi, linachanua karibu mwaka mzima, linafaa chini ya dirisha. Plumbago ya samawati naipenda sana kwa rangi, lakini bila ndoo ya maji kila wiki hupukutisha majani, ndiyo maana naiweka ya nne.

Olianda inaustahimili ukame kuliko plumbago, ila kila sehemu yake ni sumu. Mwenye mbuzi au mtoto anayetambaa aiache. Lantana usiichukue hata ukipewa bure: ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu hadi malishoni, na mifugo ikiyala majani huugua.

Ukiwa kitaluni, inua kiriba. Kama mizizi imetoboa chini na kushika ardhi, mche umekaa mno na mizizi imejiviringisha ndani, acha. Chagua mfupi wenye machipukizi mengi kuliko mrefu uliochanua. Panda Desemba, mvua mbili tatu nzuri zikishanyesha, uweke nyasi kavu kuzunguka shina, isipokuwa kwa mdagu. Kiangazi cha kwanza bogenvilia bado ni mtoto: ndoo moja kwa wiki, imwagwe polepole jioni. Maji ya kusuuzia mboga yanatosha kabisa.