Propela ya mota ndogo ya boti: igeuze uitazame mgongo kabla hujalipa

Propela iliyonifanya niandike mwongozo huu ilikuwa nzuri kwa kuitazama, yenye mapanga matatu meusi yanayong'aa na karatasi ya maelezo iliyoahidi kwamba inafaa mota zote. Niliifunga kwenye mota ya umeme yenye msukumo wa ratili 55 ninayoitundika tezini, nikaenda kuvua, na katika safari ya nne, nilipobadili mwendo kwenda kinyume ili nisisukumwe juu ya mawe, nikasikia mota ikivuma huku boti imekaa palepale. Shafti, yaani fimbo ya chuma inayotoka kwenye mota, ilikuwa inazunguka peke yake ndani ya propela. Nilirudi kwa kasia, na nilipoifungua nikakuta mfereji ulio nyuma ya kitovu (sehemu ya katikati inayoshika mapanga), ule ambamo pini hulala, umelika pembe zote mbili na kuwa duara.

Sitasema mengi juu ya kipenyo wala mlalo wa mapanga, kwa kuwa hayo muuzaji atakueleza hata usipouliza, na mtengenezaji wa mota alikwisha kuyapima kulingana na nguvu yake. Anayetumaini kwamba propela kubwa zaidi itaifanya boti ikimbie ajue kuwa mota ya volti 12 ya ratili 55 tayari hunywa ampea 50 hivi inapofunguliwa mpaka mwisho, na kwamba mzigo wa ziada humaliza betri na kuipasha mota moto bila kuongeza mwendo wa maana.

Jambo ambalo karibu kila mnunuzi hulipita ni huo mfereji wa pini. Pini ni kijiti cha chuma kinachopenya shafti toka upande mmoja hadi wa pili, na ncha zake mbili zinazotokeza ndizo pekee zinazoisukuma propela; nati kazi yake ni kuizuia isichomoke tu. Mota ya umeme hutoa nguvu yake tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo kila unapowasha, na hasa unapogeuza mwendo ghafla, pini hugonga ukuta wa mfereji kama nyundo ndogo, na ikiwa ina nafasi ya kucheza, plastiki hulika kidogo kidogo bila wewe kuona. Hasara ya pili huja pale mfereji unapokuwa na kina kifupi, kwa sababu propela haikai sawasawa, nyuma yake hubaki mwanya, mshipi huingia humo na kujizungusha kwenye shafti mpaka unakata sili ya mpira, na maji yakishaingia ndani ya mota, tatizo lako si la propela tena.

Kwa hiyo nenda dukani na pini ya mota yako mfukoni, kwani unene wake hutofautiana kati ya mota na mota. Ilaze kwenye mfereji: inapaswa kuingia kwa kusukumwa na kidole na kutulia bila kutikisika, na ukiona unaweza kupenyeza ukucha kando yake, irudishe rafuni. Nyumbani, betri ikiwa imetenganishwa, ifunge kisha ushike ncha ya panga na kulitikisa polepole huku na huku. Mkono unatakiwa kuhisi ule ukinzani wa sumaku za ndani mara moja. Propela ikisogea kwanza ndipo ukinzani ufuate, hiyo inacheza, na itaendelea kucheza zaidi.

Katika nafasi ya kwanza naiweka Weedless Wedge 2 ya Minn Kota, na sifichi upendeleo wangu kwa kampuni hiyo, ambayo imekuwa ikitengeneza mota hizi Marekani tangu 1934. Mapanga yake mawili yamepindia nyuma, hivyo majani huteleza na kuanguka badala ya kujisokota, na mgongo wake hukaa kwenye mota yake bila ubishi. Sharti ni kununua ile iliyotajwa kwa namba ya modeli yako. Mwenye mota ya MotorGuide achukue Machete ya mapanga matatu ya MotorGuide yenyewe, kwa kanuni ileile ya mgongo na mota kutoka nyumba moja.

Ya pili, kwa anayevua kwenye maji yasiyo na majani, ni propela ya mapanga matatu ya chapa iitwayo Kipawa (jina hilo halihusiani na neno letu kipawa). Mapanga matatu hushika maji vizuri katika mwendo mdogo na hayaitetemeshi boti sana, lakini majani yakiwa mengi utakuwa unaipandisha mota kila mara. Propela za chuma nimeziacha nje, kwa sababu zikigonga jiwe pigo lote huenda kwenye shafti.

Zile za bei rahisi zinazodai kufaa mota zote ziko mwisho. Ukilazimika, nunua na pini mbili za akiba.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wauzaji huzipiga picha propela hizi kwa mbele tu, kana kwamba ni sahani za kupamba ukuta, na wengine huzifunga kwenye plastiki ngumu ambayo huruhusiwi kuifungua kabla ya kulipa. Nilipoirudisha ile yangu, pamoja na pini iliyokuwa haina hata mkwaruzo, aliyeniuzia aliigeuza mara moja, akaona chumvi iliyokaukia kwenye kitovu, akaniambia kwamba hapokei propela iliyokwisha kuingia majini.