Uzoefu wangu: kumtafuta babu wa wanangu, askari na mwenye duka

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Massachusetts. Tangu niolewe nimekuwa nikimsikia akimtaja babu mmoja wa ukoo wao aliyepigana na Waingereza, kisha akafungua duka. Zaidi ya jina lake, mama mkwe hakujua kitu. Kwetu Tanga, bibi alitutajia mababu kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine, nami nikataka wanangu wawajue na wa upande wa baba yao.

Nilianza na tovuti moja ya kulipia, na ilinivunja moyo. Ilinipa mti wa ukoo uliokwisha kujengwa na mtu mwingine, ambao uliwachanganya wanaume wawili wa jina moja, hata babu yetu akaonekana kapata mtoto akiwa na miaka tisa. Nililipa miezi mitatu, nikaacha.

Kilichonisaidia ni majalada ya pensheni ya Vita vya Uhuru wa Marekani, yanayohifadhiwa na National Archives, hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Marekani, katika mkusanyo uitwao M804. Yako kama 80,000, na picha zake zinasomwa bure mtandaoni. Jalada lenye herufi S ni la askari mwenyewe, W ni la mjane, R ni la ombi lililokataliwa. Usishangae kukosa karatasi za miaka ya mwanzo: nyingi ziliungua ofisi ya Wizara ya Vita iliposhika moto Novemba 1800.

Babu yetu nilimkuta kwenye S. Sheria ya 1818 iliwapa askari wa kawaida waliokuwa na shida dola 8 kwa mwezi. Waombaji wakawa wengi mno, basi mwaka 1820 kila mzee akatakiwa afike mahakamani na orodha ya mali yake yote, isipokuwa nguo na matandiko. Hiyo orodha ndiyo hazina! Ya kwake ina meza moja, viti vinne, mizani na mawe yake, chupa tupu, na chini kabisa madeni ya wateja waliochukua mali kauli wasilipe. Kumbe duka lilikufa kwa mikopo. Mti ule wa kulipia ulimwandika mkulima.

Mwandiko unachosha macho. Penye s mbili, ya kwanza imechorwa kama f, na neno moja lilinikalisha jioni nzima. Pia usilichukue jalada kwa jina tu. Linganisha mji, kikosi na jina la mke. FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo ambayo nayo ni bure, ilinipa kumbukumbu za ndoa za mji wake, na jina la mke likalingana na la kwenye jalada.

Jumapili nilimpigia mama mkwe, nikamsomea ile orodha kitu kimoja kimoja. Nilipofika kwenye mizani aliniomba nirudie.