Amarone della Valpolicella: uzoefu wangu na mvinyo wa zabibu za kuanikwa

Nimeonja Amarone za wazalishaji wengi, za bei ya kawaida na za bei inayouma, na naona ni mvinyo mwekundu ambao kanuni zake za uzalishaji unazisikia kabisa mdomoni. Ukizijua kanuni hizo, hununui tena kwa kubahatisha.

Unatoka Valpolicella, eneo la vilima kaskazini mwa mji wa Verona, mkoa wa Veneto nchini Italia. Mvinyo wa Valpolicella ulipata mwaka 1968 hadhi ya DOC, yaani jina la asili linalolindwa na sheria, na Amarone ikapandishwa hadi DOCG, ngazi ya juu kabisa ya Italia, mwaka 2010. Zabibu kuu ni Corvina, ambayo lazima iwe asilimia 45 hadi 95 ya mchanganyiko. Sehemu yake inaweza kuzibwa na zabibu aina ya Corvinone. Zabibu aina ya Rondinella huingia kwa asilimia 5 hadi 30. Corvina ndiyo inayoleta harufu ya cheri na ule uchachu unaoufanya mvinyo mzito namna hii usichoshe, na ganda lake nene hustahimili kuanikwa. Chupa nisizozipenda mara nyingi ni zile ambazo uchachu huo umepotea, ukabaki uzito na kilevi tu.

Mambo yote yanaanzia kwenye kuanika. Wakati wa mavuno wachumaji huchagua kwa mkono vishada vizima, visivyobanana, visivyo na punje iliyopasuka. Kishada kilichobanana hakipitishi hewa katikati, na hapo ndipo ukungu huanzia bila kuonekana. Vishada hupangwa safu moja tu, juu ya chanja za matete au ndani ya kreti za plastiki zenye matundu, kwenye vyumba vyenye madirisha ya kupitisha upepo wa vilima. Vinakaa humo kwa kawaida miezi mitatu hadi minne na kupoteza theluthi moja ya uzito au zaidi. Sheria inakataza kuzikamua kabla ya tarehe 1 Desemba, isipokuwa msimu ukiwa wa ajabu na ruhusa maalumu ikatolewa. Feni hutumika siku za unyevunyevu, lakini zabibu hazipashwi joto ili zikauke haraka. Zikiharakishwa hupungua maji tu, bila kupata muda wa kubadilika ndani, na ni mabadiliko hayo yanayoleta ladha ya tini kavu, kokoa na viungo.

Vuli ikiwa na mvua na ukungu, kuvu ya kijivu husambaa kutoka punje hadi punje, kwa hiyo mafundi hupita mara kwa mara na kutoa vishada vilivyoharibika. Asiyefanya hivyo anakuuzia chupa yenye harufu ya uvundo. Punje zilizopasuka nazo huleta siki. Harufu ndogo ya siki kwenye Amarone naivumilia, maana mvinyo wa zabibu kavu mara nyingi huwa nayo kidogo; ikikupiga puani kabla hujainua glasi, hiyo ni kasoro.

Hesabu ya bei ni nyepesi. Kanuni zinaruhusu lita 40 tu za mvinyo kutoka kilo 100 za zabibu mbichi, yaani chupa 53 hivi. Kwa Valpolicella ya kawaida kilo hizo hizo hutoa hadi lita 70, chupa 93. Ongeza miezi ya kuanika, kazi ya mikono, na muda wa kukomaza: angalau miaka miwili kuanzia Januari inayofuata mavuno, au miaka minne kuanzia Novemba ya mwaka wa mavuno ikiwa ni Riserva, yaani ile inayokomazwa zaidi. Ndiyo maana chupa ya bei ya chini sana dukani siiamini hata lebo yake ikiwa nzuri.

Kuchachusha ni mtihani mwingine. Zabibu zinakamuliwa katikati ya baridi, zikiwa na sukari nyingi mno, na hamira inafanya kazi kwa shida. Ikichoka mapema, sukari inabaki. Ukiiacha ibaki kwa makusudi unapata Recioto, mvinyo mtamu ambao ndio mzee wa ukoo huu. Amarone ni ule uliochacha hadi mwisho. Kima cha chini cha kilevi ni asilimia 14, na chupa nyingi hufika 15 au 16. Wapo wazalishaji wanaoacha utamu kidogo ili kuwafurahisha wanunuzi wapya. Mimi napendelea mkavu, wenye ukakasi unaoshika fizi.

Dukani angalia shingo ya chupa: lazima kuwe na utepe wa serikali wenye namba. Neno Classico maana yake zabibu zimetoka kwenye eneo la asili, ambalo ni Negrar, Marano, Fumane, Sant'Ambrogio na San Pietro in Cariano. Halihakikishi ubora, ila linakueleza mahali. Riserva nayo si lazima iwe bora. Ukiona imekaa sana kwenye mapipa mapya, vanila hufunika tunda.

Kwa bajeti ndogo chukua Ripasso. Ni Valpolicella iliyochachushwa tena juu ya machicha ya Amarone, hivyo hupata rangi, mwili na kidogo ya ladha ya zabibu kavu kwa bei ya chini sana. Kwa chakula cha kila siku naipendekeza kuliko Amarone yenyewe.

Amarone ya miaka minne au mitano bado ni kali. Kuanzia miaka minane tangu mavuno ndipo ukakasi unapolainika. Ifungue saa mbili kabla ya kunywa na uimimine kwenye jagi la kioo, taratibu, ukiacha mashapo chini. Inywe ikiwa nyuzi 16 hadi 18. Wanaoishi Mombasa au Dar es Salaam wasifuate ule ushauri wa "joto la chumba": kwenye nyuzi 30 kilevi hupanda puani na kufunika kila kitu, kwa hiyo iweke kwenye friji kwanza hadi ishuke kwenye nyuzi hizo 16 hadi 18. Usiihifadhi miezi mingi kabatini kwenye joto hilo pia. Itapikika na kizibo kitavuja. Iambatanishe na nyama iliyopikwa polepole, mkia wa ng'ombe au mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta. Samaki wa kupaka haiwezi kabisa, na pilipili kali huamsha ule moto wa kilevi.