Mdoli Wenye Moyo wa Betri: Tathmini ya Wiki ya Kwanza na Mtoto wa Paka

Mdoli huu niliununua mwezi Julai kwa shilingi 68,000, katika duka moja la vyakula vya mifugo mjini Arusha, baada ya usiku ambao hakuna mtu nyumbani kwetu aliyepata usingizi. Bizari, mtoto wa paka wa rangi ya manjano tuliyepewa na jirani akiwa na umri wa wiki nane hivi, alianza kulia taa zilipozimwa saa tano na hakunyamaza mpaka adhana ya alfajiri, kwa sauti ambayo sikutarajia itoke kwa kiumbe anayeenea kiganjani.

Umbo la mdoli ni la paka aliyejilaza ubavu, mkubwa kiasi cha mkate wa kawaida, na ameshonwa kwa kitambaa cha manyoya bandia ya kijivu. Tumboni pana mfuko unaofungwa kwa utepe wa kunata, na ndani yake hutiwa kikasha cha plastiki chenye umbo la moyo, kinachotumia betri mbili za AAA na kudunda taratibu kikiwashwa. Pamoja nacho zilikuwamo pakiti mbili za joto, za aina ile yenye unga wa chuma ambao ukikutana na hewa hushika kutu kwa kasi na kutoa joto. Kila pakiti hutumika mara moja tu.

Wazo la mtengenezaji lina mantiki. Hadi juzi yake, Bizari alikuwa akilala amebanwa katikati ya ndugu zake, ubavuni mwa mama ambaye mwili wake, kama wa paka yeyote mwenye afya, una joto la nyuzi 38 hadi 39, kisha ghafla akajikuta peke yake ndani ya boksi, kwenye sakafu ya saruji, katika baridi ya Julai ambayo wakazi wa Arusha wanaifahamu. Kuhusu mapigo ya moyo sikuridhika sana, kwa kuwa moyo wa paka hupiga kati ya mara 140 na 220 kwa dakika, ilhali nilipokihesabu kikasha hicho kwa saa ya mkononi nilipata mara 70 hivi, ambayo ni karibu zaidi na moyo wangu mimi. Bizari, kwa upande wake, hakulalamika.

Usiku wa kwanza wa kuutumia, alilia kwa dakika kumi hivi, akauzunguka mdoli mara mbili akiunusa, kisha akapanda juu yake na kuanza kuukanda kwa miguu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekanda unga wa chapati, huku akinyonya sikio lake mpaka likalowa kabisa. Akalala hapo hapo, kidevu kikiwa juu ya mfuko wa joto. Tuliamka saa kumi na moja.

Kwa kuwa nilitaka kujua ni kitu gani hasa ninachokilipia, nilijaribu kutenganisha. Usiku wa tatu niliweka joto na kuuzima moyo, naye akalala karibu usiku mzima; usiku wa nne niliuwasha moyo bila joto, na saa nane kamili alikuwa mlangoni mwa chumba changu akilia kama siku aliyokuja. Huyu ni paka mmoja tu na siku zenyewe ni chache, lakini tangu hapo naamini kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanywa na joto. Hapo ndipo kasoro kubwa ya bidhaa hii inapoonekana, kwani pakiti zilipokwisha, duka lile halikuwa na nyingine. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa ya nusu lita, nikaifunga kifuniko barabara, nikaivisha soksi mbili nzito na kuisukuma ndani ya mfuko ule. Ilikaa vizuri kana kwamba mfuko ulishonwa kwa ajili yake.

Muuzaji alinishauri pia nimpe maziwa ya ng'ombe kabla ya kulala, na ushauri huo nauhesabu kuwa sehemu ya huduma niliyoilipia. Paka wengi hawawezi kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa hayo, na asubuhi iliyofuata nilikuwa nikifua taulo za boksi.

Jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye kasha ni kwamba mdoli hausaidii chochote ikiwa mtoto wa paka ameshinda amelala na ameamka usiku akiwa na nguvu tele. Nilifunga unyoya wa kuku kwenye uzi, nikawa namkimbiza nao ukumbini kwa robo saa kuanzia saa tatu na nusu, kisha namlisha dagaa wa kuchemsha wasio na chumvi, waliochanganywa na chakula chake cha dukani. Baada ya kukimbiza, kukamata na kula, paka hujilamba na kulala, na mdoli unapaswa kumkuta katika hali hiyo. Ule mchakamchaka wa alfajiri hakuna kifaa kitakachouondoa, kwa sababu paka kwa asili huchangamka jua linapokaribia kuchomoza na linapozama.

Anayeishi Tanga au Dar es Salaam sidhani kama anahitaji joto hilo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na bila joto bei hiyo ni kubwa mno. Kwa Arusha, Njombe au Lushoto ningeununua tena, ila ningeomba punguzo kwa ajili ya moyo. Bizari sasa ana miezi minne na hulala miguuni pangu. Kikasha nimekitoa, kwa kuwa alishaanza kuutafuna mfuko na sitaki afikie betri, na mdoli wenyewe, uliobaki na sikio moja, ndio anaoupiga mieleka kila jioni.