Makumbusho ya Bujora: kiingilio, ngoma na gharama ya kuwa na mtemi

Nimekuwa mhasibu wa halmashauri miaka 31, kwa hiyo popote ninapoingia natafuta nani analipa na nani anapokea. Jumamosi nilimpeleka mjukuu wangu Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Unashuka Kisesa, unapanda bodaboda. Patana bei kabla hujakaa: aliyeturudisha alitudai mara mbili ya tulivyolipa kwenda.

Mahali pamejengwa na Padri David Clement, Mkanada, na mengi ni ya kuona, lakini nenda kwanza kwenye jengo la watemi, watawala wa jadi wa Wasukuma. Lina umbo la kiti cha enzi, na ndani zimepangwa ngoma za tawala za Usukuma. Nilisimama sana mbele ya moja kubwa. Ngozi imekunjamana ukingoni, vigingi vya mti vimeng'aa kwa kushikwa. Kijana aliyetuongoza hakutuharakisha hata kidogo. "Mama, hii ndiyo ilikuwa serikali," aliniambia.

Mjukuu akauliza: "Sasa bibi, mtemi alilipwa na nani?"

Nilimjibu kama nilivyosimuliwa na bibi yangu, mzaliwa wa Magu. Watu walilima shamba la mtemi, nafaka ikajaza ghala lake, na mvua ikikataa ghala lilifunguliwa watu wale. Banang'oma, wazee waliomweka, waliweza pia kumwondoa. Mkoloni alipokuja akamwekea mtemi mshahara kutoka kwenye kodi, na tangu hapo akawa anamtazama Bwana Shauri, ofisa wa kikoloni wa wilaya, kuliko mawingu.

Mimi nimezaliwa mwaka 1962, Tanganyika huru ikiwa bado na Malkia Elizabeth II kama mkuu wa nchi. Tarehe 9 Desemba mwaka huo tukawa jamhuri, na mwaka 1963 sheria ikafuta utemi. Waingereza wao wamebaki na mfalme wao. Ruzuku yake ilikuwa pauni milioni 86.3 mwaka wa fedha 2024/25, ikapanda hadi milioni 132.1 mwaka 2025/26, na gharama za ulinzi hazimo. Sehemu ya fedha hizo inakarabati Buckingham Palace, kasri lake la London, kazi ya miaka kumi iliyokadiriwa pauni milioni 369. Wanaomtetea husema kiwango hicho hupimwa kwa faida ya ardhi na mali za Taji (yaani za ufalme), ambayo yenyewe inaingia hazina ya serikali, na kwamba watalii wanakuja kwa ajili yake. Hoja ya watalii hainishiki: Versailles, kasri la wafalme wa zamani wa Ufaransa, haina mfalme na watu wanajaa. Hoja ninayoiheshimu ni ya kuwa na mkuu wa nchi asiye wa chama chochote, ambaye aliyeshindwa uchaguzi anaweza kumsalimia bila kinyongo. Hiyo haina safu kwenye leja, lakini ina thamani.

Hata hivyo mimi nampima mtawala kwa ghala. Mwaka wa njaa alitoa nini? Bujora ndipo mahali pekee nilipoweza kumweleza mtoto hilo huku akiona ngoma yenyewe, na kiingilio nililipa kwa moyo mweupe.

Ameomba turudi Juni, kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, makundi ya Bagika na Bagalu wakishindana kucheza. Nauli nimeshaitenga.