TAHADHARI kwa watu wa Dodoma na Singida: kuna muuzaji wa "seti kamili" ya kumodi keisi ya kompyuta, soma kabla hujatuma hela

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu, mana nataka imfikie kila mtu hapa Dom anaefikiria kuanza kumodi keisi ya kompyuta ya mezani, yani kulitoboa, kulipaka rangi na kulipamba lile boksi lake, hasa nyie mnaoanza, wanachuo, na madada kama mimi mnaomsaidia mdogo mtu nyumbani. Kuna jamaa anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, anauza anachoita seti kamili ya kumodi, yani dirisha la kioo, feni, taa na pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kwa pamoja. Mpaka sasa tupo watatu tulioumizwa nae, mimi, mwanachuo mmoja hapa Dom na kaka mmoja wa Singida. Jina na namba siweki hapa, nimeshachukua RB polisi na nimeshauriwa nisimtangaze wakati wanafuatilia, ila namna anavyofanya naieleza yote, ukikutana nae utamjua.

Ilivyoanza. Mdogo wangu kamaliza form four yupo tu nyumbani Nkuhungu, anapenda kompyuta kupita maelezo. Nilinunua sipiyu moja kuukuu kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi, boksi kubwa la chuma, rangi imebabuka, lakini ndani nzima, prosesa yake Core i5. Akaniambia dada tusiliache hivi, tulitoboe dirisha ubavuni, tulipige rangi, tuweke taa. Hela alikuwa nayo 90,000 ya kuuza ubuyu, kaitunza miezi mingi huyo mtoto, mimi nikasema nitaongezea.

Na kazi ya chuma tuliifanya vizuri wenyewe, nataka hili lieleweke, hobi yenyewe haina shida na sio ya matajiri. Tulitoa kila kitu ndani kwanza, mazabodi (ile bodi kuu), hard disk, kila waya, mana vumbi la chuma likibaki kwenye mazabodi linapiga shoti siku unawasha. Ubavu tukaubandika seloteipu ya karatasi tukachora dirisha juu yake, tukatoboa tundu kwenye kona kwa drili alafu tukakata na jigso ya kuazima kwa fundi, blade ya chuma yenye meno madogo, taratibu, miwani machoni. Feni ya milimita 120 matundu yake ya skrubu yanapishana milimita 105 katikati kwa katikati, tulipima mara tatu ndo tukatoboa. Msasa namba 240, kisha 400, prima, rangi ya kupuliza mikono mitatu miepesi, na hapa kwetu kupuliza nje ni alfajiri tu kabla upepo haujaanza, ukichelewa unapata rangi yenye mchanga. Feni za kuingiza hewa tuliziwambia stokingi kuukuu kuzuia vumbi, na tulipanga feni za kuingiza ziwe nyingi kuliko za kutoa ili vumbi lisivutwe kwenye kila upenyo. Imekaa vizuri sana, majirani walikuja kuangalia.

Kilichobaki ndo vifaa. Mdogo wangu akauliza kwenye grupu moja, jamani dirisha linawekwa kioo gani na pawa saplai ya wati ngapi inatosha. Hazikupita dakika kumi jamaa kamfuata inbox. Hapo ndo muelewe, huyu mtu anawinda maswali ya waanzaji, anaejua hamfuati. Mwanachuo nae alifuatwa hivohivo baada ya kuuliza swali.

Akatutumia picha kali kweli, keisi zinang'aa, nyaya zimepangwa kama nywele zimesukwa, akasema zote kazi zake. Nilipokuja kuzitafuta picha kwa Google baadae nikazikuta kwenye tovuti za nje za miaka ya nyuma, za watu wengine kabisa. Bei ya seti 285,000: kioo cha tempa (kioo kigumu kilichopikwa), feni 5 za RGB, yani za taa za rangi, na rimoti, ukanda wa taa, pawa saplai wati 650. Ofisi akasema ipo Kariakoo, nilipomwambia nina ndugu Dar atapita kuchukua, ofisi ikawa inafanyiwa ukarabati, alafu kesho yake ikawa wao wanauza kwa oda tu hawana duka. Mi nikaliona hilo nikalipita kwa sababu alikuwa ananiita dada angu, anajibu kila swali la mdogo wangu kwa upole, mpaka voisi noti za dakika tatu anamfundisha. Nusu unatuma kwanza, nusu ukishaona picha ya risiti ya parseli ya basi. Namba ya kutumia hela ni ya mtu binafsi, na jina lililotokea sio lake, akasema ni la mhasibu.

Parseli ikafika kweli stendi ya Nanenane. Sasa sikilizeni kilichokuwemo.

Kioo kwanza, mana hiki ndo kilitakiwa kunifungua macho mapema. Yeye alisema ni kioo cha tempa na akasema tutakikata wenyewe kwa saizi ya dirisha letu. Ndugu zangu, kioo cha tempa hakikatwi. Kinakatwa na kutobolewa kwanza ndo kinapikwa kwenye moto mkali na kupozwa ghafla, baada ya hapo ukikigusa na mkasi wa kioo au drili kinapasuka chote vipande vidogo vidogo kama kioo cha pembeni cha gari. Kwa hiyo muuzaji akikwambia ni tempa na utakata mwenyewe nyumbani, ama sio tempa ama hajui anachouza, na vyote viwili vinatosha kumuacha. Tulichopata ni akriliki, yani plastiki ngumu inayofanana na kioo, ya milimita 2, imeshachubuka, inayumba ukiishika. Akriliki yenyewe sio kitu kibaya kwa dirisha, waanzaji wengi ndo wanatumia, lakini vipande vyake vinavyobaki unavipata kwa watu wanaotengeneza mabango kwa hela ndogo sana, sisi ametuchaji 75,000. Kutofautisha ni rahisi: kioo ni kizito na ukikiweka shavuni kina ubaridi, ukikigonga na kucha kinalia, akriliki ni nyepesi na mlio wake ni wa sahani ya plastiki.

Feni zinazunguka, sawa, ila plagi zake ni za pini 6 zinaingia kwenye kile kiboksi chake cha kuziendesha tu, kikifa kiboksi na feni zote hazina kazi. Hilo tungevumilia.

Ukanda wa taa umeandikwa kabisa DC5V, wa pini 3, na yeye kaweka adapta ya kuunga kwenye plagi ya pawa saplai ambayo waya wake umetoka kwenye njano. Njano ni volti 12. Nyekundu ndo volti 5. Tumewasha, taa zimewaka sekunde moja nyeupe kali, zikazima, hazijawaka tena. Yani kauza kifaa na kitu cha kukiua kwenye mfuko mmoja. Mwanachuo nae yamemkuta hayohayo na yeye alijua kakosea mwenyewe, alikaa kimya wiki tatu kwa aibu, nimemwambia hujakosea wewe. Mnaoanza kumbukeni hii: RGB ya kawaida ni volti 12 pini 4, ile ya taa kubadilika moja moja ni volti 5 pini 3, hazichanganywi.

Pawa saplai ndo imenifanya niandike. Kibandiko kimeandikwa 650W kwa herufi kubwa. Ukiishika ni nzito, na mi nilishasikia kwamba pawa saplai feki inakuwa nyepesi, nikatulia. Tukaangalia kile kiswichi chekundu cha nyuma kipo 230, sawa, mana kikiwa 115 ukachomeka kwenye umeme wetu inalipuka hapohapo. Kompyuta ikawaka. Siku ya pili mdogo wangu kaweka gemu, na kuna kadi ya grafiki ya used tuliyoipata kwa rafiki, dakika kama ishirini ikazima pu, harufu ya plastiki kuungua chumba kizima na moshi mwembamba nyuma. Nilikuwa jikoni nikakimbia kuchomoa ukutani. Mtoto alikuwa amekaa pembeni yake na godoro lipo pale. Naandika hapa mikono inatetemeka nikikumbuka.

Tukaipeleka kwa fundi Majengo aifungue (msifungue wenyewe, kapasita za ndani zinabaki na umeme hata ukiwa umechomoa). Ndani kumegandishwa kipande cha chuma na gundi, hakijaunganishwa na chochote, kazi yake ni kuongeza uzito tu. Pale umeme unapoingia kwenye bodi zimechorwa sehemu za koili na kapasita za kuchuja lakini matundu yako tupu, wameruka na waya. Fundi akanionyesha na jedwali la kibandiko ambalo sikulisoma siku ya kwanza: kwenye +12V imeandikwa ampia 17. Zidisha volti kwa ampia, 12 mara 17 ni wati 204. Na prosesa na kadi ya grafiki zote zinakula kwenye hiyo volti 12. Kwa hiyo hata kwa maneno yake yenyewe ilikuwa haifiki nusu ya 650. Hiyo hesabu mtu yeyote anaweza kuifanya kwenye picha kabla ya kulipa, ombeni picha ya jedwali, akikataa kuituma achaneni nae. Mazabodi imepona, kadi ya grafiki ndo imeondoka.

Nilipompigia mara ya kwanza akasema mmegeuza swichi. Nikamtumia picha ya swichi ipo 230. Akasema mmepakia mzigo mkubwa. Nikamuuliza wati 650 imeshindwa na mzigo gani, akaniblok mimi, na mdogo wangu nae kablokiwa na huyohuyo jamaa, mtoto aliekuwa anamuita mwanangu kwenye voisi noti.

Hela ya nusu ya mwisho ndo najuta zaidi, mana mzigo ulikuwa tayari kwenye basi na ningeweza kumwambia nafungua kwanza. Yeye anataka umalize kulipa kabla parseli haijafika na anakuharakisha, gari linaondoka, gari linaondoka. Wa Singida alikataa kumaliza, mzigo wake haukutumwa kabisa na nusu yake haikurudi. Kwa hiyo huyu mtu dawa yake ni kutomtumia hata mia. Vifaa hivi nunueni mahali mnapoweza kwenda kwa miguu, wawashe mbele yako, wakupe risiti ya EFD, hata kama ni ghali elfu ishirini zaidi. Na kama sipiyu yako ni Dell au HP za ofisini angalia kwanza plagi ya mazabodi, nyingi sio ile ya kawaida ya pini 24, pawa saplai ya dukani haitaingia. Huyu jamaa hakutuuliza hata tuna kompyuta gani.

Namba yake nimeshairipoti 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, na kwa mtandao wa simu, hela walikuta imeshatolewa. Pawa saplai, ukanda na adapta nimevihifadhi kama vilivyo kwa ajili ya polisi, fundi kakubali kuja kuelezea alichokikuta.

Kama ulinunua seti ya namna hii, hasa pawa saplai yenye 650W kubwa na +12V 17A kwenye jedwali, ichomoe leo hata kama bado inafanya kazi, usimuachie mtoto inawaka usiku. Alafu nitumie inbox skrini shoti za chati, meseji ya muamala na picha ya kibandiko. Mwanachuo na kaka wa Singida wameshanitumia za kwao, Jumatatu asubuhi naenda kuziongeza kwenye jalada, na nikiwa na za watu wengi zaidi itakuwa afadhali.