Sitaha Mpya ya Boti Ndogo ya Uvuvi: Nyenzo Ipi Inunuliwe

Sitaha ya mbao kwa kawaida huanza kuoza kwenye kingo za mbao na kwenye matundu ya skrubu, mahali ambapo maji huingia yakakosa pa kutokea, na maji ya mvua huozesha zaidi kuliko ya chumvi. Kwa sababu hiyo, nimezipanga nyenzo zifuatazo kwa kutazama kwanza jinsi zinavyostahimili maji yanayopenya, kisha uzito wake, na mwisho wepesi wa kuzifanyia kazi.

Nafasi ya kwanza naipa plaiwudi ya baharini yenye muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza kinachodai gundi isiyoachia hata katika maji yanayochemka na tabaka za ndani zilizoshikana vizuri. Muhuri huo hausemi kwamba mti wenyewe hauozi. Plaiwudi ya okume ni nyepesi na hupindika kwa urahisi, lakini huoza upesi ikikaa na unyevu. Ya meranti kwa kawaida ni nzito zaidi, nayo huvumilia zaidi. Bao la okume la futi 4 kwa 8, lenye unene wa milimita 12, huwa na kilo 18 hivi. Unene huo unatosha ikiwa darumeti, yaani boriti zinazobeba sitaha, zimeachana kwa sentimita 40 hivi; zikiachana zaidi, chukua milimita 18 au ongeza boriti.

Plaiwudi hiyo isinunuliwe peke yake. Weka katika hesabu ileile epoksi, yaani resini ya kuchanganywa inayoganda ikawa ngumu, ya kutosha kupaka juu, chini na hasa kingo zote, kitambaa cha faiba cha kufunika upande wa juu, na rangi ya kukinga epoksi dhidi ya jua. Resini ya poliesta ni rahisi kwa bei, lakini haishiki mti kwa nguvu kama epoksi, na faiba inapobanduka huficha maji chini yake bila mwenye boti kujua. Kila tundu la skrubu litobolewe kwa upana kuliko inavyohitajika, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya katikati, ili maji yasigusane na mti kabisa. Kazi hii inachosha, na mafundi wengi huiruka, lakini ndiyo inayoamua sitaha itadumu kwa muda gani.

Ya pili ni mbao za povu gumu la PVC zilizovikwa faiba pande zote mbili. Haziozi, na wepesi wake huonekana mara moja boti inapobeba samaki. Ningezipa nafasi ya kwanza mbele ya plaiwudi kama si bei yake, na kama si kwamba nanga ikianguka hubonyeza ngozi ya faiba, na kila kifaa kinachofungwa kwa bolti huhitaji kipande kigumu zaidi ndani yake.

Bamba la alumini la aina ya 5052 au 5083 linashika nafasi ya tatu, ila kwa boti ambayo tayari ni ya alumini linakuwa la kwanza bila shaka. Kwenye boti ya mbao au ya faiba huunguza miguu juani, na ni lazima litenganishwe na shaba na chuma cha pua, la sivyo litalika polepole.

Mbao nzima za msaji au mvule zinafaa boti ya kienyeji ambayo mataruma yake, yaani mbavu zake, hucheza baharini, kwa kuwa ubao mmoja hubadilishwa bila kugusa nyingine. Hata hivyo kalafati, yaani pamba ya kuziba maungio, huhitaji uangalizi wa kila mara, na damu na magamba hukwama kwenye maungio.

Ya mwisho ni plaiwudi ya ujenzi, ambayo mapengo yake ya ndani hushika maji. Ile iliyotiwa dawa yenye shaba haiozi upesi, lakini hula alumini, basi isiguse kamwe tangi la mafuta la alumini.

Skrubu za plaiwudi na mbao ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316. Kabla ya kulipia chochote, ng'oa sitaha ya zamani kwa uangalifu, choma darumeti kwa msumari kutafuta sehemu laini, na uvitunze vipande vilivyong'olewa vitumike kama vielelezo vya kukatia mbao mpya.